Moto wa Kufulia: Safari ya Maji ya Moto Katika Nchi ya Bukoba

Miongoni mwa mashitaka ambayo mafundi wa vyombo vya umeme wa Kahororo, kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, huletewa na wenye nyumba, limo hili: kwamba mashine ya kufulia huvuta maji kama ilivyokuwa ikivuta, huzungusha nguo kama ilivyokuwa ikizungusha, huyamwaga maji kwa wakati wake, ila maji hayo hayapati moto, na nguo nyeupe hutoka na madoa yale yale zilizoingia nayo. Asikiaye shitaka hilo hudhani kuwa ni jambo la juzi, lililozaliwa pamoja na mashine yenyewe. Walakini haja ya maji ya moto kwa ajili ya nguo imekwisha kukaa katika nchi hii zaidi ya miaka mia, na katika muda wote huo moto wa kufulia haukupata kuwa mali ya nyumba moja peke yake, bali daima ulitoka mbali, ukapita katika mikono ya watu wengi kabla ya kufika majini. Kwa sababu hiyo, fundi ambaye huutafuta ubovu wa mashine kwa kuanzia nje yake, naye huonwa na wenye haraka kuwa anapoteza wakati, ameshika njia ambayo historia ya mahali hapa inaithibitisha.

Kabla nguo ya pamba haijaonekana kandokando ya ziwa Nyanza, wenyeji wa nchi hii walikwisha kuwa mabingwa wa moto. Huko Kemondo, kusini ya mji wa Bukoba katika njia iendayo Muleba, na huko Katuruka katika Maruku, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, na umri wa baadhi ya mabaki hayo wakaukadiria kukaribia miaka 2,000. Mwaka 1978 Schmidt, pamoja na mjuzi wa metali Donald Avery, walitangaza katika jarida la Science kwamba wayeyushaji wa Kihaya waliiingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, hata hewa iliyosukumwa na mivuo ikapata joto kabla ya kuyafikia makaa, na kwa hila hiyo moto ukapanda kupita ule wa tanuri lipulizwalo hewa ya baridi. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kiasi cha joto lililopatikana. Lakini ustadi wa kuupeleka moto mahali unapotakiwa, na kuuzidisha kwa maarifa badala ya kuongeza kuni tu, ulikuwa dhahiri.

Ajabu ni kwamba watu waliokuwa na elimu kubwa namna hiyo ya moto hawakuwa na haja ya kuutumia kwa kufulia. Mavazi yao yalikuwa ngozi, nyuzi za mwale, na lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambalo hubanduliwa shinani, likapigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mistari mpaka likatanuka na kulainika, kisha likaanikwa juani hata likapata rangi ya udongo mwekundu. Lubugo si nguo ya kuloweka na kusugua, kwa kuwa maji mengi huilegeza na kuichana. Ilikung'utwa, ikaanikwa, na ilipochakaa mti ule ule, uliokwisha kufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya, ukatoa nyingine. Usafi wa mwili ulikuwa jambo jingine, na maji ya moto ya kuoga yalijulikana na kuthaminiwa: Henry Stanley, alipokuwa mgeni wa mukama, yaani mfalme, Rumanika wa Karagwe mwaka 1876, alipelekwa kwenye chemchemi za Mtagata, akawakuta watu waliotoka pande mbalimbali kuja kujitia katika maji yatokayo ardhini yakiwa na moto wake, wakitaraji kupona maradhi.

Nguo iliyoleta taabu ya kufua ilitoka pwani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waarabu na Waswahili, iliyopita Unyanyembe, ilifanya kituo huko Kafuro katika Karagwe, na pamoja na shanga na waya wa shaba ikaleta merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kushushwa Unguja, na baadaye nguo za Bombay zilizoshindana nayo. Kanzu nayo ilifika kwa njia mbili, moja ya Karagwe na moja ya Buganda, ambako baraza la Kabaka Mutesa liliipokea kwa heshima. Na hata leo, katika arusi na matanga ya Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, mzee aliyevaa kanzu nyeupe na koti juu yake huhesabiwa kuwa amevaa kama ipasavyo. Vazi jeupe lina sharti lake: heshima yake yote imo katika weupe, na weupe haukai wenyewe.

Sharti hilo lilikuwa gumu zaidi katika nchi ya migomba kuliko mahali pengine. Utomvu wa mgomba, unaomdondokea kila mtu akataye mkungu, apunguzaye majani au amenyaye ndizi za kupika, hauna rangi unapotoka. Lakini ukipigwa na hewa hugeuka kuwa doa la kahawia lililokolea katika uzi wa pamba, na likikauka halikubali tena maji matupu. Fauka ya hayo, Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na matope yake mekundu ni ya kudumu. Nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa mbichi adhuhuri na kuanikwa upya. Hapo ndipo moto ulipohitajiwa mara mbili, mara ya kwanza majini ili mafuta na jasho vilegee, na mara ya pili katika pasi, kwa sababu yuko inzi atagaye mayai katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji asipouawa na chuma cha moto.

Mji wenyewe ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichosimamishwa na Emin Pasha mwishoni mwa mwaka 1890, na pamoja na bendera walikuja askari waliotakiwa kusimama gwarideni katika sare safi. Mwaka 1892 Mapadri Weupe walijenga misheni yao Kashozi. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel waliwafikia Wahaya ambao walikwisha kuupokea Uprotestanti kutoka Uganda. Na kila misheni ilizaa shule, na kila shule ikazaa mashati. Hatimaye zikafuata hospitali, mathalani Rubya na Ndolage katika Muleba ya leo, na utabibu wa kisasa ulikuwa na amri isiyo na mjadala, kwamba shuka na vitambaa vya majeraha havitoshi kuoshwa, sharti vichemshwe. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa hiyo maji ya Bukoba hutokota yafikapo takriban nyuzi 96, si 100. Upungufu huo haumdhuru mfuaji hata kidogo, kwani kwa nguo za nyumbani nyuzi 60 zinatosha.

Tuitazame kazi yenyewe kama ilivyotendwa katika nyumba na katika vibanda vya madobi, kabla waya wowote haujapita juu ya mapaa. Kuni ziliwashwa mapema, na juu ya mafiga likatelekwa pipa lililokatwa nusu au debe lililokwisha kumaliza mafuta ya taa. Ndani yake zikatiwa nguo nyeupe zilizolala usiku katika maji ya sabuni. Pale ambapo sabuni ya duka ilikuwa ghali, majivu ya maganda ya ndizi, ambayo yana magadi mengi, yalichujwa kwa maji, na maji hayo makali yakafanya sehemu ya kazi ya sabuni. Mfuaji alikoroga kwa mti mrefu, naye hakutia nguo zote pamoja, kwa kuwa alijua jambo ambalo wenye mashine wengi wa leo hawalijui: doa la damu na la maziwa likikutana na maji ya moto kwanza huganda katika uzi, hivyo hufuliwa kwa baridi, hali doa la mafuta hutaka moto tangu mwanzo. Baada ya kusuuzwa mara mbili, kanzu ilitumbukizwa katika karai la maji yenye buluu kidogo ili umanjano ufichike, ikatiwa kanji ya unga wa muhogo, ikakamuliwa na kuanikwa. Na ilipobaki na unyevu mdogo tu ikapigwa pasi ya mkaa, ambayo dobi aliipungapunga kwanza ili makaa yawake na majivu yatoke, kisha akaipitisha juu ya kitambaa kibovu, ili cheche au masizi yakiwamo yaangukie huko wala si kifuani mwa kanzu ya mtu.

Moto huo ulikuwa na bei, na bei yake haikuandikwa katika daftari la dobi. Ardhi ya Buhaya imegawanyika tangu kale katika kibanja, ambacho ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, na rweya, ambayo ni mbuga tupu ya majani. Na katika rweya kuni ni haba, jambo ambalo Schmidt alilihusisha kwa sehemu na misitu iliyogeuzwa makaa ya kuyeyushia chuma katika zama za mbali. Kwa hiyo mzigo wa kuni uliotokosa shuka za nyumba moja ulikuwa umebebwa kichwani na mwanamke au mtoto kwa mwendo mrefu, na miti ya mikaratusi iliyopandwa baadaye ilipunguza urefu wa njia hiyo bila kuiondoa. Aliyevaa kanzu nyeupe barazani aliuvaa mwendo huo pia, ijapokuwa haukuhesabiwa.

Umeme ulifika Bukoba kwa hatua zisizofuatana vema. Wajerumani walikuwa na mtambo wa simu ya upepo hapo mjini, na huo ndio uliowavuta Waingereza kuvuka ziwa kutoka Kisumu na kuushambulia mji tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakauvunja mtambo wakaondoka. Baadaye kahawa ilileta fedha, na mwaka 1950 wakulima wakapata chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Cooperative Union. Katika miaka ya 1960 kikaanzishwa kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, ambacho kazi yake haiendi bila maji ya moto. Hata hivyo kwa miaka mingi mji uliwashiwa taa na mitambo ya dizeli iliyokaa peke yake, mbali na gridi ya taifa, na mafuta yake yalisafirishwa kwa taabu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiongezea nchi hii mashaka yake, na mtambo mdogo wa maji wa Kikagati, katika mpaka wa mto Kagera, uliharibiwa katika vita hivyo.

Katika miaka ya 1990 jambo lililokuwa na maana kubwa kwa mfuaji lilitokea: waya za msongo wa kilovolti 132 zilivutwa kutoka Masaka mpaka Kyaka, na Bukoba ikaanza kununua umeme wa Uganda. Chanzo kikubwa cha umeme huo kilikuwa Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 mahali Nile itokapo ziwani. Mwenye kutafakari ataona mzunguko wa ajabu hapo. Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote iingiayo Nyanza, huyaleta maji yake ziwani kaskazini ya Bukoba. Ziwa huyatoa kwa mlango wa Jinja. Maporomoko huyageuza kuwa nguvu. Na nguvu hiyo hurudi kwa waya, kupitia Masaka na Mutukula, mpaka katika nyumba za Kahororo, ili iyapashe moto maji ya ziwa hilo hilo. Mwanamke aliyekuwa akitoka rweya na kuni ametuliwa mzigo, lakini njia ya moto haikuwa fupi. Imerefuka kupita mipaka ya dola.

Chombo kinachoupokea moto huo ndani ya mashine ni hita, nacho kina nasaba yake. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipewa hataza ya waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromu, ambao huwa mwekundu kwa moto bila kuungua haraka hewani. Waya huo ukizongwa, ukatiwa katika bomba jembamba la chuma, na nafasi iliyobaki ikashindiliwa unga wa magnesia uupitishao moto na kuuzuia umeme, hita imekamilika. Nikeli yenyewe si ngeni katika mkoa huu wa Kagera, kwani huko Kabanga katika Ngara utafiti wa miaka ya 1970 ulifichua hazina yake kubwa iliyofukiwa ardhini. Lakini si kila taifa lililotengeneza mashine za kufulia lilizitia hita ndani yake. Wamarekani, ambao nyumba zao huwa na tangi la maji ya moto, waliridhika kuunga mashine na bomba la moto na la baridi. Waulaya, ambao wengi wao hawakuwa na tangi hilo, waliyapasha maji ndani ya mashine. Na viwanda vya Asia vikajaza masoko yetu kwa mashine za mapipa mawili na za mfuniko wa juu ambazo nyingi hufua kwa maji ya baridi tu. Basi swali la kwanza la fundi mwenye hekima ni kama mashine hiyo ilipata kuwa na hita tangu kuzaliwa kwake. Na la pili ni kama mwenyewe ameichagulia kazi ya moto, kwa sababu mashine iliyowekwa katika kazi ya baridi haina kosa ikifua kwa baridi.

Swali la tatu ndilo ambalo Bukoba imelifanya kuwa lake, nalo ni la umeme mdogo. Hesabu yake ni nyepesi. Lita 15 za maji, yakipandishwa kutoka nyuzi 22 za bombani mpaka 60, hutaka nguvu ya takriban thuluthi mbili za uniti moja. Hita ya wati 2,000, ikipata volti 230 zilizokusudiwa, humaliza kazi hiyo kwa dakika 20. Lakini nguvu ya hita haishuki sawa na volti, bali hushuka kwa mraba wake, hata volti zikianguka mpaka 180, kama zinavyoweza kuanguka jioni mwishoni mwa laini ndefu watu wote wakipika na kuwasha taa, zile wati 2,000 huwa 1,200 na kidogo, na dakika 20 huwa zaidi ya 32. Mashine nyingi zimewekewa muda maalumu wa kungojea. Muda huo ukipita na maji hayajafika, baadhi huendelea kufua kwa maji ya vuguvugu bila kusema neno, na baadhi husimama na kuonyesha alama ya ubovu. Hapo mwenye nyumba hununua hita mpya, naye huona ajabu ikifanya kama ile ya zamani.

Umeme ukiwa mzima, ndipo mashine hufunguliwa. Fundi huichomoa plagi kwanza, wala haridhiki na kuizima kwa swichi, kisha hulifungua bamba la nyuma au la mbele kwa kadiri ya aina yake, na kutazama kabla ya kupima: waya ulioungua kwenye ncha ya hita huwa mweusi, na plastiki yake huwa imesinyaa, na mara nyingi ubovu wote ni huo, kiungo kilicholegea kikapata moto ambao ulipaswa kuwa wa maji. Huzichomoa waya za hita na kuweka mita juu ya ncha zake mbili. Hita nzima ya wati 2,000 huonyesha omu 26 au karibu yake, na iliyokatika ndani haionyeshi kitu. Kisha huweka upande mmoja wa mita katika ncha na wa pili katika mwili wa bomba, ambapo hapatakiwi kuonekana upitisho wowote, kwani ukionekana basi unga wa magnesia umeingia maji na hita hiyo ni hatari kwa maisha. Hita ikiwa salama, hukagua kipima joto, ambacho huweza kuidanganya mashine kwamba maji yamekwisha pata moto. Na kile kipimo cha kimo cha maji, kwa kuwa mashine isiyoamini kwamba ina maji haitawasha hita yake. Na mwisho kabisa bodi, ambayo swichi yake ndogo huungua. Magamba ya chokaa, ambayo ni adui mkubwa wa hita katika miji ya maji magumu, hapa hayana nguvu sana, kwa sababu maji ya Nyanza ni laini. Anayefuata vitabu vya ugenini na kuanza kwa kutia siki huanza mahali pasipo maradhi.

Katika miaka hii ya 2020 mtambo wa Rusumo wa megawati 80, juu ya mto Kagera huo huo, umeanza kugawa umeme wake kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na kuungwa kwa mkoa na gridi ya taifa kunatarajiwa kuzituliza volti za Bukoba. Mpaka hapo, na ilhali watu wengi wa Bukoba na Muleba bado wanafua kwa mikono katika karai, wale wachache wenye mashine wana kipimo kisichohitaji kufungua skrubu hata moja. Mashine isiyopasha moto jioni na ijaribiwe saa nane za usiku, majirani wakiwa wamelala na laini ikiwa nyepesi, kwa kazi ile ile na nguo zile zile. Maji yakipata moto saa hizo, hita ni nzima, fedha yake ibaki mfukoni, na shitaka lipelekwe kwa wenye waya. Yasipopata, aitwe fundi na mita yake.